Hugo si mchezo: blogu ya Dodoma imehama yote, hadi picha za Kolo

Jamani, acheni niandike kabla sijapoa! Blogu yangu nzima, makala za zabibu, za magulio, za michoro ya miambani na za marimba ya Wagogo, imetoka Blogger na kuingia Hugo. Hata sasa najikuta nafungua kurasa zangu mwenyewe kwa raha tu ya kuziona zikifunguka. Unagusa kiungo, ukurasa huo hapo. Kwa jioni ya Nkuhungu, saa ambazo mtaa mzima uko kwenye simu na mtandao unasuasua, hilo si jambo dogo.

Kwa ambaye bado hajakutana nayo, Hugo ni programu ya bure yenye chanzo wazi. Aliyeianzisha ni Steve Francia mwaka 2013, na kwa miaka mingi sasa anayeibeba mabegani ni Bjørn Erik Pedersen wa Norway. Mifumo tuliyoizoea, WordPress ikiwemo, huweka makala kwenye hifadhidata na kwa kawaida huuandaa ukurasa pale msomaji anapouomba. Hugo inaandaa kurasa zote kwa mkupuo mmoja, na kinachopanda mtandaoni ni kurasa zilizokwisha kuiva. Hakuna hifadhidata ya kudukuliwa. Hakuna programu-jalizi za kusasisha kila mara. Makala yako ikisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ghafla, hakuna mashine inayoanza kuhema kwa kuandaa ukurasa uleule tena na tena. Na makala yenyewe ni faili la maandishi matupu, kwa mtindo wa Markdown aliouleta John Gruber mwaka 2004, faili ambalo simu yoyote inalifungua na kompyuta ya miaka 30 ijayo italifungua.

Sasa kasi. Unafungua dirisha la amri, unaandika hugo server, unabonyeza Enter, na mamia ya kurasa yanatengenezwa kabla sekunde haijaisha. Kivinjari kinaonyesha tovuti nzima kwenye anwani ya localhost:1313, ndani ya laptopu yako mwenyewe. Badilisha neno, hifadhi faili, inua macho: ukurasa umeshabadilika. Na haya yote bila bando hata kidogo! Umeme ukikatika, ruta ikizima, betri ya laptopu inatosha kuendelea kuandika, kupanga picha na kukagua kila kitu kama msomaji atakavyokiona. Nimeandika ndani ya treni ya umeme tukipita mahandaki ya Kilosa, simu haina hata mstari mmoja wa mtandao, na tovuti yangu ilikuwa mbele yangu nzima. Ukifika penye mtandao unasukuma mabadiliko kwa Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya mafaili, na kinachosafiri ni kile kilichobadilika tu. Makala ya maneno elfu moja ni kilobaiti chache. Mimi mabadiliko yangu nayapeleka GitHub, Cloudflare Pages inayachukua na kuyachapisha, na kwa blogu ya mtu mmoja huduma zote mbili ni bure.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kunanitia hofu kuliko yote. Blogger ilizaliwa mwaka 1999, Google wakainunua mwaka 2003, na blogu nyingi za Kiswahili zilipata uhai huko. Issa Michuzi alianzia hapo mwaka 2005, akiwa Helsinki, na wengi wetu tukafuata. Makala zimerundikana mwaka baada ya mwaka. Blogger inakupa nakala rudufu, faili moja kubwa la XML, lakini sikiliza hapa kwa makini: faili hilo halina picha. Lina anwani za picha tu, na picha zenyewe zinabaki kwenye seva za Google. Ukifuta blogu ya zamani ukidhani umebeba kila kitu, umeondoka na fremu tupu.

Ndiyo maana nakipenda kijiprogramu kiitwacho blogger-to-hugo. Kinasoma XML, kinageuza kila makala kuwa faili lake, na kinazifuata picha moja moja na kuzishusha kwenye folda yako. Nilikaa nikitazama majina ya faili yakipita kwenye skrini: picha za shamba la Mpunguzi, za soko la mahindi Kibaigwa, za wazee wa Bahi, zote zinarudi nyumbani. Makala za zamani zilizobandikwa kutoka Word zinakuja na takataka zake, rangi za herufi na nafasi zisizoonekana. Lakini kwa kuwa sasa ni maandishi matupu, unafungua folda nzima kwenye VS Code, unatafuta takataka moja, unaifuta kwenye makala zote kwa pigo moja. Jaribu kufanya hivyo ndani ya Blogger uone kazi yake.

Viungo vya zamani navyo vimebaki hai. Blogger huandika anwani kwa mwaka, mwezi, kisha jina la makala na .html mwishoni, na Hugo inakuruhusu kuiweka anwani ileile juu ya kila faili. Kama una kikoa chako mwenyewe, msomaji aliyehifadhi kiungo miaka mingi iliyopita hajui kama umehama. Hata vile viungo vya simu vilivyosambazwa WhatsApp na ?m=1 nyuma yake vinafika salama, kwa sababu kurasa za Hugo hazijali kinachofuata alama ya kuuliza. Nilivijaribu. Vinafanya kazi!

Ila kilichonimaliza kabisa ni upangaji wa makala. Blogger inakupa lebo, basi. Kila kitu ni lebo, Kolo ni lebo, zabibu ni lebo, Machi ni lebo, vyote kwenye kapu moja. Hugo inakuuliza wewe mwenyewe unataka kuigawa dunia yako vipi. Kwenye faili la mipangilio unaandika umoja na wingi:

kijiji = "vijiji"
zao = "mazao"
wilaya = "wilaya"

Mistari mitatu, imekwisha. Kuanzia hapo kila makala unaiandikia juu vijiji vyake, mazao yake na wilaya yake, na Hugo inajenga ukurasa wa kila kimoja yenyewe. Nimefungua ukurasa wa zabibu nikakuta miaka yangu yote ya kuandika imejipanga: mavuno ya Februari na Machi, mavuno ya Agosti na Septemba, maana mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katikati yake ziara za kituo cha utafiti cha TARI Makutupora. Nimefungua wilaya ya Kongwa nikapata mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kutelekezwa mwaka 1951, umekaa jirani na makala ya kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO na ANC za miaka ya 1960, na chini yake bei za mahindi Kibaigwa. Makala hizo niliziandika kwa nyakati tofauti kabisa, na sikuwahi kuziona kama simulizi moja ya ardhi moja. Mfumo umenionyesha nilichokuwa nakiandika siku zote! Kwa anayeandika kuhusu mahali, hii peke yake inatosha kumhamisha.

Halafu tarehe. Hugo inachukua majina ya siku na miezi kutoka hazina ya lugha ya Unicode, CLDR. Nikaweka sw, tarehe zikageuka Kiswahili safi, Alhamisi na Jumamosi mahali pake. Hapo nikapata wazo. Nina sehemu ndogo ya makala za Kondoa nilizoandika kwa Kirangi kwa msaada wa wenyeji. Nikaifungulia lugha ya pili, nikaandika lag, alama ya Kirangi, nikahifadhi. Januari ikawa Fúngatɨ. Julai ikawa Mʉʉnchɨ. Desemba ikawa Sasatʉ. Na zile ɨ na ʉ zenye mstari zikakaa sawasawa, bila visanduku vitupu! Sikusakinisha kitu, sikutafsiri neno. Miezi ya Kirangi ilikuwa imo tayari, ikisubiri mtu wa Kondoa aiite. Nilimpigia simu mzee mmoja wa Kolo nikamsomea, akaniambia nirudie.

Kolo ndiko nilikojaribia picha. Maeneo ya Michoro ya Miambani ya Kondoa yaliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na zaidi ya miaka 50 kabla ya hapo Mary Leakey alikuwa ameshapanda vilima hivyo kuinakili michoro kwa mkono, kazi aliyoifanya mwaka 1951. Picha ya rangi nyekundu iliyofifia juu ya mwamba haivumilii kubanwa hovyo; ukiibana vibaya, twiga anapotea. Hugo inachukua picha kubwa ya simu, inaitengenezea nakala za ukubwa tofauti kwa WebP, na simu ya msomaji inachukua inayoitosha. Picha ya mwamba wa Mungomi wa Kolo yenye megabaiti kadhaa imeshuka chini ya kilobaiti 100, na miguu myembamba ya watu waliochorwa kwa rangi nyekundu bado inahesabika. Picha kamili inabaki kwenye folda yangu bila kuguswa.

Sauti nayo! Blogger haina mahali pa kuweka faili la sauti. Ilibidi kuliweka kwingine na kubandika msimbo. Kwenye Hugo nimetengeneza njia ya mkato, nikaiita sauti. Naandika jina la faili la zeze katikati ya aya, na kitufe cha kuchezea kinatokea hapo hapo. Dunia iliijua milio hii kupitia kwa mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, lakini vijijini wapo wapigaji ambao hawajawahi kurekodiwa na mtu, na sasa dakika zao mbili tatu zinakaa kando ya maneno yanayowahusu. Cloudflare Pages hukubali faili lisilozidi megabaiti 25, ambazo kwa wimbo mmoja ni nyingi mno.

Yapo ya kuvumilia. Violezo vingi vinakuja kwa Kiingereza, na itabidi ufungue faili dogo la tafsiri uweke Soma zaidi na dakika za kusoma kwa mkono wako, kazi ya chai moja. Git inataka moyo kwa wiki za mwanzo. Anayetaka kuandika ndani ya kivinjari aongeze Decap, iliyokuwa ikiitwa Netlify CMS hadi mwaka 2023. Inakupa ukurasa wa uhariri wenye vitufe, ingawa kuiunganisha na akaunti ya GitHub kunahitaji subira na kwenye simu bado inabana. Kutafuta ndani ya tovuti kunafanywa na Pagefind, nyepesi na nzuri, lakini haijui kwamba walivuna na kuvuna ni ndugu. Ndiyo maana kurasa za mazao na vijiji zinaokoa jahazi.

Na hili la saa ulishike kabla hujachapisha chochote. Mashine zinazotengeneza tovuti huko mawinguni hufuata saa ya UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Makala uliyoiandikia saa 3:00 asubuhi bila kutaja ukanda, Hugo itaiona ni ya baadaye na itaiacha nje, na utahangaika kuitafuta. Weka ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio, mstari mmoja, umemaliza.

Nimwambie pia anayesitasita: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilipowataka wenye blogu wawe na leseni, zipo blogu zilizofungwa, na maandishi yaliyokuwa mtandaoni tu yakawa magumu kuyapata. Kubadili mfumo hakubadili wajibu wako wa kisheria hata kidogo. Lakini mwenye folda ya mafaili yake ana kazi yake mkononi, tovuti iwe wazi au imefungwa, na anaweza kuinakili kwenye fleshi na kumkabidhi mwanawe.

Kinachofuata kwangu ni Kigogo. Alama yake ni gog, nimeijaribu, na kwenye toleo nililoweka miezi yake haimo. Haidhuru! Hugo inakubali faili la maneno ya kwako mwenyewe, kwa hiyo ni suala la kukaa na wenyewe na kuyaorodhesha majina hayo kama yanavyotajwa Mvumi, kisha kuyalinganisha na ya Bahi, maana si lazima yafanane. Kama nyumbani kwenu yupo bibi anayeyahesabu kwa kufuata mvua na uwele, mwulizeni na muyaandike, kijiji kando ya kila jina. Safu ya vijiji ipo tayari inawasubiri.