Matini Moja, Taaluma Kadhaa: Funzo la Maandishi ya André Yav

Je, chuo kikuu hufanikiwa kwa wingi wa fani zake au kwa ubobezi katika fani chache? Makala haya yanalijadili suala hilo kwa kuhakiki kitabu kimoja kihusucho mji wa Lubumbashi.

Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani wa Elisabethville, aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia ya ukoloni kama maboyi walivyoiona. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 katika kitabu History from Below. Maandishi ya Yav hayafuati tahajia sanifu. Ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ili maana ipatikane. Fabian, mwanaanthropolojia, akayafasiri. Walter Schicho, mwanaisimu, akaongeza maelezo ya lugha. Kila mmoja alishika ubobezi wake, lakini matini ilikuwa moja. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu. Mwanaisimu peke yake angaliona lahaja tu. Mwanahistoria peke yake angalitafuta tarehe tu.

Mazingira ya kazi hii hayakuzuka hivi hivi. Mageuzi ya mwaka 1971 yaliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa UNAZA, yakagawa fani kwa miji. Lubumbashi ilipewa fasihi, isimu na sayansi za jamii. Sheria na tiba zikawekwa Kinshasa. Mgawo huo uliwakutanisha wataalamu wa lugha na wa jamii, na Fabian mwenyewe alifundisha hapa katika miaka hiyo.

Hata hivyo, ubobezi huo ulikuwa na gharama. Yav anasimulia kazi, ujira na uhusiano wa bwana na mtumishi, lakini mwanasheria wa kazi hayumo miongoni mwa wafafanuzi wake. Aidha, kitabu kilitolewa Amsterdam, na ufafanuzi wake ni wa Kiingereza, ilhali lugha ya masomo hapa ni Kifaransa. Wajukuu wa maboyi hao wanayapata maneno ya babu zao kwa njia ya mbali.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na leo Lubumbashi ina vitivo vya sheria na tiba pia. Lakini wingi wa vitivo si uanuwai wa utafiti, iwapo kila kitivo kinasoma peke yake. Maandishi ya Yav yangali yanawangoja wasomaji wa vitivo vyote, wakae meza moja.