Sensa Zimelaumiwa, Cheni Ndiyo Iliyolegea

Msimbo P0016 umewamalizia pesa wenye Toyota Probox wengi wa Eastlands, Nairobi. Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka kile kifaa kidogo cha kusomea misimbo chini ya usukani, simu inaonyesha maneno yanayotaja kranki na kamshafti, na kabla boneti haijafunguliwa kijana ameshatumwa Grogan kununua sensa mbili. Baada ya siku chache taa imerudi palepale. Nimeona gari la namna hiyo likichunguzwa kwa mpangilio katika gereji moja ya Kariobangi Light Industries, na nataka kueleza jinsi kazi ilivyokwenda, kwa sababu ilifanywa vizuri na haikuhitaji chombo ambacho fundi wa Umoja, Kayole au Buruburu hawezi kukipata.

Gari lenyewe lilikuwa la injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, lile linalobeba mboga kutoka Marikiti alfajiri. Lilikuwa limekosa nguvu, linakunywa petroli kupita kiasi, na sensa zote mbili zilikuwa zimeshabadilishwa kwingine bila mafanikio.

Tuanze na kile kompyuta inachokiona. Kwenye kranki kuna gurudumu lenye nafasi za meno 36, lakini mawili yameachwa makusudi, yakabaki 34. Kila nafasi ni nyuzi 10 za mzunguko, na lile pengo ndilo linaloiambia kompyuta pistoni ya kwanza imefika wapi. Kamshafti nayo ina meno yake 3 yanayosomwa na sensa ya pili. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na kinachozifunga pamoja ni cheni. Sasa tofautisha misimbo. P0335 unasema ishara ya kranki haifiki ipasavyo. P0340 unasema hivyo kuhusu kamshafti. Lakini P0016 unasema kwamba ishara zote mbili zimefika, zimesomeka, ila hazikubaliani. Sensa iliyokufa haitoi ishara yoyote ya kulinganishwa na ya mwenzake. Kwa hiyo mtu anayenunua sensa kwa sababu ya P0016 anabadilisha mashahidi wawili waliokwisha kusema kweli.

Sensa huharibika, hilo sikatai, na dalili zake ni tofauti. Gari linawaka vizuri asubuhi, linaingia foleni ya Jogoo Road, injini inapata joto, kisha linazima ghafla. Ukisubiri lipoe, linawaka tena. Ukipiga starta wakati huo huku kifaa cha kusomea kimechomekwa, mizunguko ya injini inasomeka sifuri ingawa unaisikia ikizunguka. Hapo shuku sensa ya kranki au nyaya zake. Wenye Nissan za injini ya QG wanalijua jambo hili vizuri: mwaka 2003 Nissan ililazimika kuita zaidi ya magari milioni 2 duniani kwa ajili ya hitilafu ya sensa ya injini. Hata hivyo, kagua soketi na waya kwanza. Sensa ya kranki ya 1NZ imekaa chini karibu na puli, mahali panapopokea oili inayovuja na maji ya barabarani, na mara nyingi kinachohitajika ni kusafisha soketi na kuunga waya uliokatika.

Turudi Kariobangi. Jambo la kwanza fundi alilofanya ni kuchomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa chini ya alama ya mwisho, nyeusi, na mwenye gari alikiri kwamba anaweka 20W-50 kwa sababu aliambiwa injini iliyochoka inataka oili nzito. Hapa ndipo uchunguzi ulipopata mwelekeo. Tenshena, kifaa kinachoisukuma cheni ili isilegee, hufanya kazi kwa shinikizo la oili. Mfumo wa VVT-i unaosogeza kamshafti mbele na nyuma hutegemea oili hiyohiyo, tena kupitia valvu yenye njia nyembamba na chujio dogo. Oili nzito hufika kwa kuchelewa asubuhi ya baridi, na oili chafu huacha tope kwenye njia hizo. Injini ya namna hii iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na ushauri wa kuiwekea oili nzito unaozunguka mitaani umeharibu cheni nyingi.

Gari liliachwa lilale pale. Asubuhi liliwashwa likiwa baridi kabisa, watu wote wamenyamaza. Mlio mkavu wa chuma kikichapa chuma ulisikika kwa sekunde chache kutoka upande wa dereva, ambako cheni ya injini hii ipo, kisha ukafifia oili ilipopanda. Gari likipata joto mlio huo haupo, na mteja anayefika saa sita mchana hawezi kumsikilizisha fundi chochote.

Kisha ikaja zamu ya valvu ya VVT. Ilipimwa kwa mita ya umeme, na ukinzani wake ukasoma ndani ya kiwango cha omu 6.9 hadi 7.9. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa, fundi aliipa valvu umeme wa betri moja kwa moja. Injini ilitetemeka na nusura izime. Hiyo ni dalili njema: kamshafti imesogea ilipoamriwa. Kwa kipimo hicho kimoja valvu, chujio lake na kifaa cha kusogeza kamshafti vikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, na ni dakika chache tu zilizotumika.

Ikabaki cheni. Kifuniko cha juu kilifunguliwa, puli ikazungushwa kwa mkono hadi alama yake ikakaa kwenye sifuri. Alama za gia za kamshafti hazikulingana na mahali pake. Kwenye 1NZ tenshena imefichwa ndani ya kifuniko cha mbele, hivyo puli na kifuniko vilibidi vitoke. Nilichokiona ndani nakikumbuka vizuri. Pistoni ndogo ya tenshena ilikuwa imetoka karibu yote, meno yake ya kuizuia isirudi yamefika mwisho, na tundu la oili nyuma yake limezibwa na tope jeusi. Kile kipande cha plastiki ambacho cheni hutelezea kilikuwa kimechimbwa mifereji miwili ambayo kucha iliingia.

Vikabadilishwa cheni, tenshena na vitelezeo vyote kwa pamoja. Nasisitiza kwa pamoja. Kwenye 1ZZ-FE, iliyo katika Wish na magari mengine ya rika lake, tenshena hutoka kwa nje kwa kufungua nati mbili, na kishawishi cha kubadilisha hiyo tu ni kikubwa. Ukifanya hivyo mlio utapungua, lakini cheni iliyorefuka itabaki imerefuka na kamshafti itabaki nyuma ya kranki. Fundi alifuata viungo vya rangi kwenye cheni mpya, akazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ili ahakikishe alama zinarudi mahali pake, ndipo akagusa starta. Valvu zikikosea zinaweza kukutana na pistoni, na gharama ya hapo ni kufungua kichwa cha injini.

Oili ya 5W-30, takriban lita 3.7 pamoja na filta, iliwekwa. Msimbo ulifutwa na haukurudi. Zile sensa za awali, ambazo mwenye gari alikuwa amezihifadhi kwenye dashibodi, zilipimwa nazo zikaonekana ni nzima.

Magari yetu mengi hufika Mombasa yakikaribia ukomo wa miaka 8 unaoruhusiwa kuingiza, na mnunuzi hajui oili ilibadilishwa mara ngapi huko yalikotoka. Kwa hiyo badilisha oili mara tu ulinunuapo, na uendelee kuibadilisha kwa wakati. Taa ikiwaka, mwulize fundi ni msimbo gani na amepima nini kabla ya kuagiza spea, na udai uonyeshwe vipuri vya zamani. Akitaka kukubadilishia sensa kwa ajili ya P0016 kabla hajachomoa kijiti cha oili, mshukuru, ufunge boneti, ulipeleke gari kwingine.