Usianze na i7

Kwenye maduka ya kompyuta Kariakoo, mteja anayetafuta mashine ya gemu huulizwa kwanza: unataka i5 au i7? Swali hilo limekaa vibaya. Linamfanya amalize fedha kwenye jina la prosesa, kisha kilichobaki akitawanye kwa kadi ya picha, RAM na pawa saplai kama mtu anayegawa chenji.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Core i7-2600 ilitoka Januari 2011, ina viini vinne na nyuzi nane. Core i3-12100 ilitoka Januari 2022, nayo ina viini vinne na nyuzi nane. Ukizihesabu hivyo ni sare. Ukifungua gemu, ile i3 inaiacha i7 mbali, maana kila kiini chake kinamaliza kazi nyingi zaidi ndani ya sekunde ileile. Kizazi kimeandikwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 12100 ni cha kumi na mbili. Muuzaji anayetamka "i7" akaishia hapo hajakuambia kitu.

Mashine ninayoichambua hapa iliundwa kwa kuanzia upande wa pili. Mwenyewe alitaka kucheza EA Sports FC na GTA V kwenye monita ya pikseli 1920 kwa 1080. Hesabu ikaanzia kwenye monita, ikaenda kwenye kadi ya picha, ikafuata prosesa, kisha umeme. Sababu ni hii: ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila fremu iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7. Prosesa hupanga mambo, yaani mchezaji yuko wapi na mpira unaelekea wapi, na kadi huchora. Anayechelewa kati ya hao wawili ndiye anayeamua kasi. Pikseli zikiongezeka, mzigo wa kadi hupanda sana lakini wa prosesa hubaki karibu palepale. Kwa hiyo monita ndiyo inayosema kadi iwe ya nguvu kiasi gani.

Ikachaguliwa Radeon RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8. Ndugu yake wa bei ya chini, RX 6500 XT, alikataliwa, na uamuzi huo ndio ulioniridhisha kuliko yote. RX 6500 XT ya kawaida ina GB 4 na njia nne tu za PCIe, yaani za kuiunganisha na ubao mama. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi huanza kuvuta vitu kutoka kwenye RAM kupitia njia hizo nne. Kwa PCIe 4.0 zinapitisha takriban GB 8 kwa sekunde. Kwa PCIe 3.0 ni nusu yake, na gemu inaanza kukwama-kwama. Sasa Ryzen 5 5600G, inayopendwa kwa kuwa ina grafiki ndani yake, hutoa PCIe 3.0 tu, hata ukiipachika kwenye ubao mama ambao boksi lake limeandikwa 4.0. Anayenunua 5600G leo na RX 6500 XT mwezi ujao amejibana mara mbili, tena kwa fedha yake.

Mashine yetu ilipewa Ryzen 5 5600 isiyo na G: viini sita, PCIe 4.0, na kache ya L3 ya MB 32 badala ya 16. Herufi moja, tofauti yote hiyo. Kasoro yake ni kwamba haina grafiki ya ndani, hivyo kebo ya monita ikichomekwa kwenye ubao mama, kioo kinabaki cheusi na wengi huishia kuilaumu kadi isiyo na kosa.

RAM haina hadithi ndefu. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Vilikaa kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, na XMP, mpangilio wa kwenye BIOS unaoipa RAM kasi iliyotangazwa, ikawashwa. Bila hivyo RAM ya 3200 hutembea kwa kasi ya chini na hakuna anayekuambia.

Kwenye pawa saplai ndipo watu wanapoumizwa. Kadi hii hula wati 132, prosesa hata ikikazana haifiki 100, kwa hiyo pawa saplai ya wati 550 iliyo ya kweli inatosha na kubaki. Neno zito hapo ni "ya kweli". Geuza ubavu wa pawa saplai usome jedwali la lebo, mstari wa +12V, maana kadi na prosesa hulishwa kutoka hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12: unapata wati 216, hata kama kifuniko kimeandikwa 500 kwa wino wa dhahabu. Nembo ya 80 Plus nayo hupima ni umeme kiasi gani unapotea njiani, haikuhakikishii uimara. Kwa nyumba ambayo umeme hupanda na kushuka, ningekata fedha ya taa za rangi zote nikaitia hapa.

Mwenye bajeti finyu anayo njia nyingine, ya Dell OptiPlex za mtumba zilizotolewa maofisini. Sina ubaya nazo, ila zina mipaka. OptiPlex 9020 ya umbo la mnara ina pawa saplai ya wati 290, na plagi yake ya ubao mama ni ya pini 8, si 24 za kawaida, kwa hiyo kuibadilisha si kazi ya dakika mbili. Kadi yake inapaswa kuridhika na umeme wa nafasi ya PCIe pekee, usiozidi wati 75. RTX 3050 ya GB 6, ya mwaka 2024, inafaa kwa wati 70. Ile ya GB 8, yenye jina lilelile, inadai plagi yake ya umeme. Tena prosesa zake ni za kizazi cha nne, ambazo hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Kama tayari unayo mashine na hujui nani anakuchelewesha, punguza ukubwa wa picha ndani ya gemu. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyolemewa. Zikibaki palepale, anza kuishuku prosesa. Na kama bado hujanunua, usilipe kabla muuzaji hajafungua ubavu wa kasha, ukasoma namba kamili ya prosesa, ya kadi, na ule mstari wa +12V.