Kilalo kizuri, lakini kinapeleka wapi?

Bandugu, kila aliyeona picha yangu juu ya kilalo cha pori la Karura, kule Nairobi, ananiambia: njo kitu tunapaswa kujenga huku Lubumbashi. Na kwa sababu mradi wa njia ya kutembea kando ya mto umeanza kuzungumzwa kati yetu, acheni niseme nilichoona. Picha inadanganya kidogo.

Kilalo chenyewe ni cha mbao, kifupi, na kina mahali pa kushika pande zote mbili. Nilisimama pale muda murefu. Fundi wake alijua kazi: hakizibi miti, kinakuacha uangalie na usikie mayi. Kasoro iko chini. Mto ule unapita kwanza kwenye mitaa ya watu kabla ya kuingia porini, na siku ile harufu ilitangulia. Kila mutu alipiga picha. Hakuna aliyetia mukono.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni kingine. Njia niliyofuata inazunguka: unavuka, unatembea, unarudi paka pale pale ku mulango ulipolipia. Mimi niliyekulia Kasungami sijawahi kuvuka kilalo bila sababu. Huku kilalo ni bamama na basani za muhogo juu ya kichwa, ni mutu wa makala anayesukuma kinga yake, ni batoto ba masomo, viatu mukononi, mvua ya Januari ikipandisha mayi. Mbele ya miti miwili iliyolazwa, tunaulizana neno moja tu: itabeba?

Nisiwe na ubaya, lakini. Ule uzio wa umeme na tikiti nilianza kuvisema vibaya, halafu nikakumbuka historia. Miaka ya 1990 pori lile lilikuwa linakatwakatwa viwanja, wanapewa wajenzi wenye marafiki serikalini. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakavamiwa na kupigwa. Yeye mwenyewe aliumizwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliingia barabarani kwa ajili ya miti ile. Wanafunzi, kama siye! Leo pori bado liko, hekta zaidi ya 1,000, na kile kilalo kimesimama juu ya ugomvi huo. Hatuwezi kunakili mbao tukaacha ugomvi.

Maana siye pia tuko na wetu. Mto Lubumbashi njo ulioupa muji jina. Kiwanda cha shaba kimekaa kando yake tangu 1911, na mlima wa taka zake tunaupiga picha kwa majivuno, tunautia hata kwenye kadi za harusi. Kutembea kando ya mto wenyewe kwa raha, mimi tangu utoto sijafanya.

Kwa hiyo nakubali mradi, na nakataa muchoro. Kazi ya kwanza ni mayi. Halafu kilalo kiwekwe pale bamama wanapovuka tayari, si pale panapofaa picha, na kiwe kipana: anayetembea kwa raha apishane na gunia la makala bila mmoja kurudi nyuma. Kama njia itaanza na mulango wa falanga, mutu wa Kasungami ataizunguka tu, ataenda kulaza miti yake miwili mbele kidogo.

Muchoro unasomwa Jumamosi. Nitakuja na kipimo cha kinga.