Diski ya nje imegoma kuwasha Mac? Usikimbilie kuifuta

Wanaotumia Mac wamepokezana ushauri mmoja kwa miaka mingi: nakili diski yote ya ndani kwenye diski ya nje, na siku mashine ikileta shida, chomeka ile ya nje, washa, endelea na kazi. Ushauri mtamu, hasa kwa mtu aliyebakiza wiki mbili akabidhi tasnifu. Shida ni kwamba mashine zimebadilika, ushauri umebaki palepale. Leo mtu anachomeka diski yake, Mac haiwaki, anaamua kwamba bakapu imekufa, kisha anaifuta ili aanze upya. Kumbe mafaili yake yote yalikuwa mazima humo humo.

Ndiyo maana naona ushauri huu sasa unaumiza watu. Unatufundisha kupima nakala rudufu kwa kuuliza "inawasha?", wakati swali linalookoa tasnifu ni "mafaili yanafunguka?"

Tuutendee haki kwanza. Kwenye Mac za zamani za Intel ulifanya kazi vizuri: unashikilia kitufe cha Option wakati wa kuwasha, unachagua diski ya nje, basi. Carbon Copy Cloner, programu iliyoanza mwaka 2002, ilijipatia jina kwa kazi hiyo. Sharti kubwa lilikuwa diski igawanywe kwa mpangilio wa GUID. Diski nyingi za dukani huja na mpangilio wa MBR, na kuubadilisha kunafuta kila kilichomo. Kwa hiyo ukague kabla ya kunakili, si baada.

Kisha mambo matatu yakabadilika.

La kwanza ni chipu ya T2, iliyoanza na iMac Pro mwishoni mwa 2017 na kuingia kwenye Mac nyingi za Intel zilizofuata. Mac yenye chipu hii hutoka kiwandani ikiwa imekatazwa kuwaka kutoka diski ya nje. Kuiruhusu, unawasha huku umeshika Command na R, unafungua Startup Security Utility, unaweka nenosiri la msimamizi. Sasa angalia mtego: msimamizi huyo ni yule aliyemo kwenye mfumo wa ndani. Diski ya ndani ikishaharibika, unaweza kukosa wa kukuidhinishia.

La pili lilikuja na macOS Big Sur mwaka 2020. Kila faili la mfumo lina alama yake ya kihesabu, kama alama ya kidole. Alama hizo hujumlishwa ngazi kwa ngazi hadi ipatikane moja ya juu kabisa, ambayo Apple huitia saini. Ukibadilisha hata baiti moja, muhuri unavunjika. Programu ya kunakili haiwezi tena kujenga mfumo huo kwa kuhamisha faili mojamoja. Inabidi itegemee zana ya Apple yenyewe.

La tatu ni zito kuliko yote. Mac zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya Novemba 2020, huanza safari ya kuwaka kwenye hifadhi ya ndani kila mara, hata ukichagua mfumo ulioko nje. Ruhusa ya kutumia mfumo wa nje nayo inatunzwa ndani. Yaani hifadhi ya ndani ikifa, hakuna diski ya nje itakayoiwasha mashine hiyo.

Je, Apple wamekosea? Kiusalama wana hoja nzito: mwizi hawezi kuchomeka flashi yake yenye mfumo wake na kuiendesha mashine yako atakavyo. Lakini gharama yake imeangukia kwa mtumiaji bila kelele. Diski ya nje ilikuwa kinga dhidi ya kifo cha diski ya ndani; sasa kinga hiyo inamtegemea mgonjwa mwenyewe. Jambo zito kama hilo lilistahili onyo la wazi pale mtu anapotayarisha diski, wakati bado ana nafasi ya kujipanga.

Kwa hiyo diski yako ikigoma, fuata mpangilio huu. Usifute kitu. Ichomeke kwenye Mac nyingine na ujaribu kufungua mafaili. Ikiwa imefungwa kwa nenosiri, liweke. Yakifunguka, nakala yako ni nzima na kilichogoma ni kuwasha tu. Kama ni diski ya Time Machine, usiilaumu: kazi yake ni kurudisha mafaili, na Migration Assistant itayahamishia kwenye Mac nyingine. Kama Mac yako ina T2, kagua ile ruhusa. Kama ni ya M1 au ya baadaye, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka orodha ya diski itokee. Bado unataka mfumo wa nje? Sakinisha macOS mpya kwenye diski hiyo, kisha hamishia data. Chunguza pia tundu unalotumia, maana kuna tundu moja la USB-C ambalo Apple wenyewe wanaelekeza lisitumike kwa kazi hii.

Wenye Windows msicheke. Diski iliyofungwa kwa BitLocker ikihamishiwa mashine nyingine inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Hebu jiulize wako umeuandika wapi. Kama jibu ni "kwenye kompyuta ileile", una kazi ya kufanya leo.

Na wote tufanye jaribio moja la dakika tano: chagua sura moja ya tasnifu kutoka kwenye nakala rudufu, ifungue kwenye kompyuta isiyo yako, soma ukurasa wa mwisho. Ukiukuta ulivyouacha, bakapu yako inafanya kazi, iwashe mashine au isiwashe.