Mikono Inayosubiri

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, kijijini Mbaha, kando ya ziwa, hatua chache kutoka kwenye chanja za kuanikia usipa, samaki wetu mdogo. Afisa uvuvi, kijana wa rika la mwanangu, alikuwa anazungumzia kokoro, wavu uliokatazwa wa matundu madogo. Kando yake alisimama dada mmoja, mkalimani wa lugha ya alama, aliyetoka Songea: gauni jeusi lisilo na maua, mikono mitupu, bila bangili wala pete. Nilidhani ni staha tu ya mavazi. Kumbe ni sehemu ya kazi. Jicho la kiziwi linasoma vidole, na chochote kinachometameta hapo ni kelele.

Afisa akasema: "Wale mtakaowakuta wanavua kwa kokoro, mniletee majina yao."

Mikono ya yule dada haikusogea. Ilibaki imekutana tumboni mpaka sentensi nzima ikatua. Kiswahili chetu hubana mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja. Ndani ya "mniletee" mmo ninyi, nimo mimi, kuna safari ya kitu kutoka kwenu hadi kwangu, na juu yake kuna agizo. Mkalimani akikimbilia neno kwa neno anapotea, kwa sababu Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na sehemu kubwa ya sarufi hiyo inakaa hewani, mbele ya kifua. Basi aliwaweka wenye makokoro kushoto kwake, upande wa ziwa. Akamweka afisa kulia. Wanakijiji wakabaki mbele. Kisha kitenzi kikasafiri kwa mkono mmoja, kutoka mbele hadi kulia, na hakuna aliyehitaji kuuliza nani ampelekee nani. Wakati huo afisa alikuwa ameshaingia sentensi ya pili, na dada alikuwa ameishika kichwani. Ndiyo maana kazi ndefu hugawanywa kwa wakalimani wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Akili ndiyo inayotangulia kuchoka.

Ustadi huu haupatikani kwa kukariri alama. Kamusi zipo, na ile ya Henry Muzale iliyotoka mwaka 2004 ni hazina, lakini picha ya mkono kwenye karatasi haikuonyeshi mwendo wala uso. Nyusi zikipanda, kauli inageuka swali. Mambo hayo hufundishwa na viziwi wenyewe, kwa kukaa nao, kula nao na kukosolewa nao kwa miaka. Lugha ni yao. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na kwa muda mrefu darasani watoto walihimizwa kutamka na kusoma midomo. Baadaye zikaja Buguruni na Mwanga, na huku kwetu Ruhuwiko, Songea. Kila shule ikalea alama zake. Kwa hiyo mkalimani mzuri, kabla hajaanza kazi, humuuliza kiziwi: ulisoma wapi?

Pale mwembeni swali hilo lilikuwa na majibu mawili. Mbele waliketi viziwi wawili. Kijana alikuwa amepita shule. Mzee hakuwahi kuingia darasa lolote. Alama zake alizitunga nyumbani na kwenye mtumbwi, na wanaozijua ni wanawe na wavuvi wenzake. Dada alimjaribu mara mbili, akaona hampati, na hapo akafanya jambo lililonifanya nimheshimu zaidi: hakujifanya. Alimwomba kijana, aliyezijua alama za mzee, asaidie. Tangu hapo maneno ya afisa yalipita kwa dada, yakaenda kwa kijana, naye akayageuza kuwa alama za mtumbwini: karabai inayoning'inia, usiku usio na mwezi, wavu unaovutwa kwa mikono miwili.

Mzee alisikiliza kwa macho, akanyoosha mkono. Swali lake likarudi kwa njia ileile, kijana kisha dada, na dada akalitoa kwa sauti: "Mimi navua usipa. Usipa ni mdogo. Matundu ya wavu yakiwa makubwa, nitamshika kwa kitu gani?"

Wengine waligeuka kumtazama yule mwanamke wa mjini anayedai kuvua usipa. Hakutetereka. "Mimi" ile ilikuwa ya mzee, naye aliibeba bila kuitia mkono wake, bila kusema "anasema kwamba", bila kulainisha ukali wake.

Afisa akamgeukia yeye. "Dada, mwambie mzee kwamba..."

Dada hakujibu. Alifungua kiganja na kukielekeza taratibu kwa mzee. Afisa akanyamaza, akaelewa, akageuza mwili mzima.

"Shikamoo, mzee wangu."

Safari hii mikono haikusubiri chochote. Ilipanda papo hapo, kijana akaipokea, na mzee, kabla alama haijafika mwisho, alikuwa ameshainamisha kichwa kuitikia.