Mwandani wa Safari: Safari ya Ulaya katika Nathari ya Kiswahili, Ikitazamwa kutoka Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za nathari ya Ulaya upo mmoja ambao haujapata jina la Kiswahili lililokubalika: masimulizi ya marafiki wawili wa tangu zamani wanaoingia garini bila matayarisho makubwa na kuifuata barabara popote iendapo. Mfano bora ni kitabu cha Nicolas Bouvier, L'Usage du monde, kilichotoka mwaka 1963. Mwaka 1953 Bouvier aliondoka Geneva kwa gari dogo aina ya Fiat Topolino, akakutana Belgrade na rafiki yake, mchoraji Thierry Vernet, na wawili hao wakaendelea hadi Uturuki, Iran na Afghanistan. Fedha zilipowaishia walifanya kazi. Theluji ilipowafungia njia walingoja.

Utanzu huu unasimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni hiari: msafiri huondoka kwa sababu ametaka, na anaweza kugeuza njia asubuhi ya siku yoyote. Ya pili ni usawa: mwandani wa safari si bwana wala mtumishi, bali ni mtu anayeweza kubishana na msimulizi, kumcheka na kumsahihisha. Ikikosekana nguzo moja, masimulizi hugeuka kuwa kitu kingine: ripoti, hija, uhamisho au kumbukumbu ya utumishi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza nguzo hizo katika nathari ya Kiswahili inayohusu safari za mbali, hasa za Ulaya. Hoja yake ni kwamba nafasi ya rafiki katika matini hizo haiko tupu, bali imekaliwa na mtu mwingine: bwana, serikali au mdhamini. Pwani ya Malindi na Kilifi imechaguliwa kuwa kituo cha kutazamia kwa sababu ni pwani iliyofikiwa na Ulaya mapema, na ambayo hadi leo huwaona Wazungu wakija na kuondoka wapendavyo.

Mjumbe asiye na matini

Mwezi Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Alipokuwa akirejea, mwezi Januari mwaka 1499, alipita tena Malindi, na mfalme wa mji akatuma mjumbe aende naye Ureno kuthibitisha urafiki. Mjumbe huyo alirudishwa kwao mwaka 1500 na msafara wa Pedro Álvares Cabral.

Kwa mhakiki wa fasihi tukio hili ni kisa chenye pengo. Mtu wa Malindi aliiona Lisbon kabla ya karne ya 16 kuanza, alikaa miezi mingi melini na watu ambao lugha yao hakuzaliwa nayo, akarudi. Hata hivyo, masimulizi ya safari hiyo yaliyosalia ni ya upande wa Wareno. Malindi ina nguzo ya mawe inayohusishwa na Vasco da Gama, lakini haina ukurasa mmoja wa mjumbe. Nguzo inaeleza nani alikuja. Haielezi nani alikwenda.

Pengo hilo linafundisha jambo moja la kinadharia. Neno lililotumika katika uhusiano wa Malindi na Ureno lilikuwa urafiki, lakini ulikuwa urafiki wa wafalme. Mjumbe mwenyewe hakuwa rafiki wa mtu yeyote melini. Alikuwa dhamana ya urafiki wa wengine. Hali hiyo inajirudia, kwa sura tofauti, katika matini zote zinazofuata.

Salim bin Abakari: nafsi ya "tu" na kivuli cha bwana

Nathari ya safari katika Kiswahili ilipata umbo la kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19, na Berlin ilichangia sana. Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki cha mji huo tangu 1891 hadi 1895, aliandika habari za Ulaya kama alivyoziona. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Humo mna masimulizi ya Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na Dr Bumiller mwaka 1896 katika safari ya Urusi na Siberia.

Kwa umbo la nje, haya ndiyo masimulizi ya Kiswahili yaliyo karibu zaidi na utanzu unaojadiliwa. Wapo watu wawili, upo mwendo mrefu wa nchi kavu, ipo miji inayopokezana, na upo mshangao. Kinachokosekana ni usawa. Bumiller alikuwa ofisa wa Kijerumani, naye Salim alikuwa mtumishi wake. Njia ilichaguliwa na mmoja, na mwingine akaifuata.

Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi kinastahili kuangaliwa hapa. Lugha ya safari katika Kiswahili hupenda "tu-": tulifika, tulilala, tuliondoka. Katika msafara wa bara nafsi hiyo huwakusanya wapagazi, viongozi na wenye mali katika uchovu mmoja. Katika safari ya watu wawili wasio sawa, "tu-" hubeba mzigo mzito zaidi. Kisarufi huwaweka bwana na mtumishi kwenye kiti kimoja; kimaana huficha ni nani aliyeamua kuondoka. Rafiki angeweza kusema "nilikataa kuondoka". Mtumishi hana sentensi hiyo, na sarufi humpa stara.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kumsoma Salim kama sauti ya bwana wake. Wahakiki wamezoea kuzishuku matini za Velten kwa sababu ziliandikwa kwa kuombwa na Mzungu, zikahaririwa na Mzungu, zikasomwa na wanafunzi Wazungu. Shaka hiyo ni halali, lakini haitoshi. Salim anatazama huku akijua kwamba anatazamwa. Rangi yake inakuwa kioja kwa wenyeji, naye anakiandika kioja hicho kama habari inayowahusu wao, si yeye. Tena alikuwa Mwislamu aliyepita katika nchi zenye Waislamu. Mbele ya watu hao ni Salim, si Bumiller, aliyekuwa na cha kushirikiana nao. Hapo mtumishi anakaribia kuwa mgeni kwa haki yake mwenyewe, na bwana anakaribia kuwa mfuasi. Yumkini hapo ndipo masimulizi haya yanapougusa usawa, nao unapatikana kwa mtu wa njiani, si kwa mwandani.

Kayamba: wenzi walioteuliwa

Mwaka 1931 Martin Kayamba alikwenda London pamoja na Francis Lwamgira na Mtemi Makwaia, wakiwa mashahidi wa Kiafrika kutoka Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza suala la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitolewa na Sheldon Press mwaka 1932.

Nafsi ya "tu-" imepanda hadi kwenye jina la kitabu, na safari hii inawataja watu watatu wenye heshima zinazokaribiana. Usawa, kwa kiasi fulani, umepatikana. Lakini hiari imetoweka zaidi kuliko kwa Salim. Wenzi hawa hawakuchaguana, waliteuliwa. Siku zao zilipangwa kwa sababu ya kazi iliyowapeleka, na hata walichotazama kilikuwa sehemu ya ujumbe wao.

Mpangilio wa jina lenyewe una siri. Kuona kunatangulia kufanya, ilhali kufanya, yaani kutoa ushahidi juu ya mustakabali wa nchi, ndiyo iliyokuwa sababu ya safari. Msimulizi analiweka mbele jambo lisilo na hatari. Mtu anayesafiri na rafiki anaweza kukosea, kupotea au kuchukia mji, na asimuaibishe mtu. Mjumbe hana ruhusa ya kuchukia. Adabu inayotawala kitabu cha Kayamba, ambayo wasomaji wengi wa baada ya uhuru wameiona kuwa unyenyekevu uliopita kiasi, inaweza kusomwa pia kama gharama ya kusafiri kwa niaba ya wengine.

Katama Mkangi: safari ya ghafla kama hukumu

Kwa mwandishi wa Kilifi, Katama Mkangi, suala hili linageuzwa juu chini. Mkangi, aliyewahi kutiwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo hapangi safari, anahukumiwa kusafiri. Chombo cha angani anachotiwa kimekusudiwa kuwa kifo chake, lakini kinamfikisha katika ulimwengu mwingine wenye haki.

Hii ndiyo safari ya ghafla kuliko zote zilizotajwa, nayo haina hiari hata chembe. Tena haina mwandani: Dzombo anaondoka peke yake. Usawa, ambao kwa Bouvier ulikuwa sharti la kuanzia, kwa Mkangi ni tunda la kufikia. Jina la riwaya linalisema wazi kwa msomaji anayelikata vipande: wale ni sisi. Rafiki hapatikani garini. Anapatikana mwisho wa njia, na si mtu mmoja bali ni jamii nzima.

Msomaji wa pwani hawezi kukosa kuiona kinaya ya kijiografia. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walirusha chombo cha angani kutoka jukwaa la baharini la San Marco mwaka 1967. Kutoka pwani hiyo hiyo vyombo vya Ulaya vilipaa bila kuwabeba wenyeji. Mkangi hakuhitaji kuitaja Ngomeni ili kinaya hiyo ifanye kazi. Katika riwaya yake mtu wa chini ndiye anayepanda, na anapanda kama mfungwa.

Rafiki anapokuwa mdhamini

Swali linalobaki ni hili: kwa nini utanzu wa safari ya hiari na rafiki haujastawi katika nathari ya Kiswahili hata baada ya ukoloni kwisha? Jibu la haraka ni kwamba jamii za Waswahili hazina mazoea ya kusafiri kwa kujifurahisha. Jibu hilo halisimami. Methali husema kutembea kwingi ni kuona mengi. Maulidi ya Lamu huwavuta watu wa Malindi kila mwaka, na wengi huondoka na sahibu zao kwa uamuzi wa siku moja. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, kivuko kilikuwa mahali pa kungoja na, kwa hiyo, mahali pa kusimuliana. Hiari na usawa vimo katika masimulizi ya barazani. Havikuvuka kuingia kitabuni, na hasa havikuvuka bahari.

Sababu iko kwenye karatasi. Mtu wa Malindi anayetaka kumtembelea rafiki Italia huombwa viza, na maombi yake hudai uthibitisho wa fedha, wa mahali pa kulala na wa kurudi. Mara nyingi rafiki wa huko huandika barua ya mwaliko na kuahidi kubeba gharama. Hapo nguzo zote mbili huanguka kabla safari haijaanza. Hiari huanguka kwa sababu kila siku lazima itajwe mapema. Usawa huanguka kwa sababu rafiki amegeuzwa kuwa mdhamini. Kwa upande wa pili, mwanzoni mwa mwaka 2024 Kenya ilifuta viza kwa wageni na badala yake ikaweka kibali cha kielektroniki. Mtalii wa Milan anaweza bado kuamua wiki hii na kuogelea Watamu wiki ijayo.

Barua ya mwaliko, basi, ndiyo matini ya safari inayoandikwa kwa wingi kati ya Malindi na Ulaya, ingawa hakuna mhakiki anayeisoma. Ndani yake urafiki husimuliwa kwa ofisa: wapi watu walijuana, tangu lini, kwa nini waaminiwe. Ni masimulizi ya urafiki yaliyoandikwa na upande mmoja. Mjumbe wa mwaka 1499 angeitambua hali hiyo mara moja.

Ipo pingamizi inayostahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kuipima nathari ya Kiswahili kwa kigezo cha Bouvier ni kuirudisha chini ya kanuni za Ulaya. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama makala haya yangedai kwamba fasihi ya Kiswahili ina upungufu. Dai lake ni tofauti. Bouvier na Vernet hawakuwa matajiri, lakini pasipoti zao ziliwapa uwezo wa kuwa maskini safarini bila kushukiwa. Kinachoonekana kuwa wepesi wa mtindo kwa Bouvier ni, kwa sehemu, haki ya kisheria. Mhakiki anayeusifu wepesi huo bila kuitaja haki hiyo anasifu nusu ya kitabu.

Hitimisho

Methali nyingine hunena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Safari ndiyo mizani ya kale ya jambo hilo, kwa kuwa huleta dhiki ndogo ndogo kila siku. Salim bin Abakari, Kayamba na Mkangi hawakupewa nafasi ya kuwapima marafiki barabarani. Walipewa bwana, ujumbe na hukumu. Kila mmoja aliitumia lugha kupata nafasi ndani ya alichopewa: Salim kwa jicho lake, Kayamba kwa adabu yake, Mkangi kwa kuigeuza adhabu kuwa ukombozi.

Kazi inayowasubiri watafiti ni ya namna mbili. Kwanza, matini za safari zilizochapishwa zisomwe upya kwa kuuliza sentensi gani msimulizi hakuweza kuiandika, na kwa nini. Pili, masimulizi ya safari yanayotolewa kwa mdomo katika baraza za Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi yakusanywe kabla wasimulizi wake hawajaondoka. Huenda utanzu uliotafutwa katika vitabu umekuwa ukisimuliwa huko muda wote, na wawili waliosafiri pamoja wakikatizana kauli, kila mmoja akidai kwamba mwenziwe ndiye aliyepotea njia.